Umeneja: Taaluma au Cheo Tu?

Mada iliyotolewa kwa niaba ya kamati ya fedha katika mkutano mkuu wa mwaka wa wana wa nyumbani, Dar es Salaam



Kila mwaka sisi wa kamati ya fedha tunapewa dakika ishirini. Mmezoea tuzitumie kusoma mapato na matumizi, mtupigie makofi, halafu twende kwenye chakula. Mwaka huu taarifa ya fedha imechapwa kwenye kurasa za mwisho za kijitabu hiki, na kila mmoja wenu anaweza kuisoma kwa nafasi yake. Tumeomba dakika zetu tuzitumie kwa swali lililoachwa njiani kwenye mkutano uliopita, nalo ni hili: je, umeneja ni taaluma kama udaktari, uhandisi na uhasibu, au ni cheo tu ambacho mtu yeyote mwenye busara anaweza kupewa?

Mnakumbuka lilivyoanza. Tulikuwa tunazungumzia kuifungua upya hosteli ya wasichana. Kijana wetu mmoja akasema tuajiri meneja mwenye digrii. Mzee wetu mmoja akasimama, akauliza umeneja unasomewa nini, maana mama zetu walilea watoto wanane wanane, wakawalisha, wakawavisha na kuwasomesha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na diploma. Ukumbi ulicheka, ajenda ikaahirishwa. Lakini jengo lile bado limefungwa, na swali ni la kweli. Tukilijibu vibaya tutatupa fedha kwa mara ya pili.

Tuanze na yaliyotokea, kwa sababu wengi wenu mlichanga lakini hamkuwahi kuelezwa vizuri.

Mnajua kwa nini tuliijenga. Shule ya kata iko upande mmoja wa mlima na vijiji viko upande mwingine. Binti anatembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, au anapanga gheto karibu na shule, chumba kimoja wasichana watatu, bila mtu mzima wa kuwaangalia. Yanayofuata hapo hatuna haja ya kuyaeleza mbele ya wazazi. Basi tulichanga kwa miaka miwili. Aliyekuwa na saruji alileta saruji. Asiyekuwa nayo alikuja kwenye msaragambo akabeba mawe na mchanga kutoka bondeni. Jengo likasimama: vyumba sita, vitanda vya ghorofa vinne kila chumba, nafasi 48. Siku ya kufungua, shangazi zetu walilia kwa furaha.

Hosteli ilidumu mihula mitatu.

Kwanza tangi la maji lilipasuka. Kamati ya watu tisa iliyokuwa ikisimamia ilidhani mkuu wa shule atalishughulikia. Mkuu wa shule alidhani ni la chama, kwa kuwa jengo ni la chama. Chama huku mjini kilikuwa kinasubiri barua. Barua iliandikwa baada ya wiki tano, na fundi akapatikana baada ya wiki nyingine tatu. Wiki zote hizo nane wasichana walikuwa wanateremka mtoni na ndoo jioni, gizani, jambo lile lile tulilojenga hosteli ili kulizuia. Kisha matroni akakaa miezi minne bila posho yake ya shilingi 150,000. Hakuna aliyekataa kumlipa. Hundi ilihitaji saini tatu, na mmoja wa watia saini alikuwa amehamia mkoa mwingine. Matroni alivumilia, kisha akafunga mizigo yake akaenda. Wazazi waliposikia hakuna matroni, wakawachukua mabinti zao mmoja mmoja. Wengine walirudi gheto. Wanne wa kidato cha tatu hawakurudi shule kabisa.

Sasa sikilizeni sehemu yetu sisi wahasibu. Siku hosteli inafungwa, akaunti yake ilikuwa na shilingi 2,310,000. Kutengeneza tangi kungegharimu 380,000. Deni la matroni lilikuwa 600,000. Jumla ni 980,000, hata nusu ya fedha iliyokuwepo haifiki. Sisi tulikagua vitabu vile. Kila stakabadhi ilikuwepo, kila shilingi ilionekana ilikoenda, hakuna aliyeiba hata senti. Tukaandika kwamba hesabu ziko sawa, tukaja hapa tukasoma, mkatupigia makofi. Hesabu zilikuwa sawa na hosteli ilikuwa imefungwa. Taarifa yetu haikuwa na mstari wa kulisema hilo, na sisi hatukuuongeza.

Ndiyo maana tunasema tatizo halikuwa fedha, wala uaminifu. Palikuwa na mhasibu, mwalimu, fundi na wazee wenye hekima. Hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha mambo yanakwenda. Tulikuwa na wajumbe tisa na hatukuwa na meneja.

Turudi kwenye swali. Taaluma ni nini?

Tuchukue ya kwetu, kwa kuwa ndiyo tunayoijua. Mtu hawi mhasibu kamili kwa kujua kujumlisha. Anasoma, anafanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, kisha anasajiliwa. Bodi hiyo imetokana na sheria ya mwaka 1972. Inaweza kukusajili, na inaweza kukufuta ukikiuka maadili. Asiyesajiliwa haruhusiwi kutia saini ripoti ya ukaguzi. Madaktari wana baraza lao, mawakili wana chama chao, wahandisi wana bodi yao. Wataalamu wa ununuzi na ugavi wamepata sheria ya bodi yao mwaka 2007, na walimu sheria ya kuunda bodi yao ya kitaalamu mwaka 2018. Kwa hiyo kazi huweza kuanza kama kazi ya kawaida na baadaye ikatambuliwa kuwa taaluma. Alama zake ni nne: elimu inayopimwa, chombo kinachosajili, maadili yanayomlazimisha mtu kutanguliza anayehudumiwa, na adhabu kwa anayekiuka.

Je, umeneja unazo alama hizo? Elimu ipo. Marekani walianza mapema: shule ya Wharton ilianzishwa 1881, na shule ya biashara ya Harvard 1908. Hapa kwetu, Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikiwafundisha machifu, madiwani na watumishi wao. Maana yake hata mkoloni aliona kwamba mtu aliyezaliwa kutawala bado anahitaji kufundishwa kuendesha ofisi. Mwaka 1972 shule hiyo ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho wazee wengi hapa mnakijua kwa kifupi cha IDM, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Angalieni mwaka huo wa 1972. Ndio mwaka ule ule wahasibu tulipotungiwa sheria yetu. Wahasibu tulipata bodi. Mameneja walipata chuo, bodi hawakupata, na mpaka leo hakuna sheria ya jumla inayomzuia mtu kuitwa meneja kwa kuwa hakusomea.

Huko nje nako wamebishana sana. Mwaka 2008, wakati mabenki makubwa ya Marekani yanaanguka, walimu wawili wa Harvard, Rakesh Khurana na Nitin Nohria, waliandika kwamba wakati umefika umeneja ufanywe taaluma kamili yenye maadili yake. Mwaka uliofuata wahitimu wa shule hiyo wakaandaa kiapo cha hiari, mfano wa kile cha madaktari. Mwaka 2010 mwalimu mwingine, Richard Barker wa Uingereza, akawajibu kwamba hapana, umeneja si taaluma na hauwezi kuwa. Hoja yake inatugusa. Daktari ana eneo lake na mwanasheria ana lake. Meneja hana eneo. Kazi yake ni kuyaunganisha maeneo ya wengine, na ujuzi huo wa kuunganisha hauwezi kufungiwa katika mtihani mmoja kisha mtu akapewa leseni.

Sisi tunaona Barker ana haki katika hilo. Mkitazama hosteli yetu, fundi alijua tangi, mwalimu alijua wanafunzi, sisi tulijua vitabu. Kilichokosekana ni uzi wa kuvifunga pamoja.

Tena tusidanganyane kwamba leseni huleta uadilifu. Mwaka 2001 kampuni kubwa ya nishati ya Marekani, Enron, ilifilisika baada ya kuficha madeni yake kwa ujanja wa hesabu. Aliyekuwa mtendaji wake mkuu, Jeffrey Skilling, alikuwa na shahada ya umeneja ya Harvard. Wakaguzi wake, Arthur Andersen, walikuwa moja ya kampuni tano kubwa za ukaguzi duniani, wahasibu wenye leseni zote. Waliharibu nyaraka, wakatiwa hatiani mwaka 2002. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu ile, lakini kampuni ilikuwa imeshasambaratika. Meneja msomi na wahasibu waliosajiliwa walianguka pamoja. Kwa hiyo kijana wetu aliyesema tutafute digrii, tunamjibu kwa upendo: digrii ni ushahidi kwamba mtu alisoma. Haituambii kama ataamka usiku tangi likipasuka.

Je, basi mzee wetu ndiye aliyekuwa sahihi? Kwa nusu, ndiyo. Lakini tumwombe aangalie tena mfano wake, na tuongeze mwingine anaoujua kuliko sisi, nao ni ndiva.

Vijana mliozaliwa mjini, ndiva ni bwawa dogo la kienyeji la kumwagilia mashamba. Maji ya kijito yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa yanashuka kwa mifereji. Ndiva zilichimbwa na koo zetu, na nyingine zinatumika mpaka leo. Kama umeneja haukuwepo milimani kabla ya vyuo, maji yale yasingefika shamba la chini kabisa. Palikuwa na mtu anayejulikana kwamba ndiye anayefungua na kufunga. Palikuwa na zamu, na kila ukoo uliijua zamu yake. Mfereji ukiziba, mbiu ilipigwa, watu wakatoka kwenye msaragambo, na asiyetoka bila sababu alitozwa. Zaidi ya yote, kila mtu aliyaona maji kwa macho. Kama usiku ndiva haikujaa, asubuhi kijiji kizima kinajua, na mwangalizi hana pa kujificha.

Wazee wetu hawakuwa na cheti, lakini msiseme hawakusomea. Mwangalizi wa ndiva alijifunza tangu utotoni kwa kufuatana na aliyemtangulia. Na mama aliyelea watoto wanane alifundishwa na mama yake, shangazi zake na mama mkwe wake, na alisahihishwa hadharani alipokosea. Hiyo ilikuwa shule ngumu kuliko zetu, na mitihani ilikuwa kila siku. Tunapomtaja mama yetu kuonyesha kwamba usimamizi hauhitaji ujuzi, tunamkosea. Tungemtaja kuonyesha kwamba ni ujuzi mkubwa, ambao tuliuona bure kwa sababu hatukuwahi kuulipia.

Hapo ndipo msimamo wetu ulipo. Umeneja si taaluma kwa maana ya sheria, na hatuoni haja ya kuufungia kwa leseni. Tukiweka geti, tutawazuia watu wengi wanaoweza, hasa kule nyumbani, ambako mama aliyeendesha mgahawa wa stendi miaka kumi anajua kupanga watu, chakula na fedha kuliko mhitimu wengi tunaowaona hapa mjini. Lakini ni lazima tuutendee kama tunavyotendea taaluma, kwa mambo matatu: mtu awe amejifunza, awe anajibu kwa jina lake, na awe analipwa.

Hilo la kujibu ndilo kubwa. Sisi wahasibu kwa kawaida tunajibu kwa yaliyokwisha kupita. Mwaka unafungwa, tunakuja na taarifa. Meneja anajibu kwa kesho asubuhi: maji yatakuwepo? Mahindi yatafika Ijumaa? Binti aliyeumwa usiku atapelekwa na nani zahanati? Kamati ya watu tisa haiwezi kujibu maswali hayo, kwa sababu swali likiulizwa kwa watu tisa, kila mmoja anawatazama wanane wengine. Na hao tisa hawakuwa wabaya. Ni ndugu zetu waliojitolea, wengine wakilipa nauli kutoka mifukoni mwao. Tuliwapa mzigo bila kumpa hata mmoja wao mamlaka, kisha tukawalaumu.

Na hilo la kulipwa ndilo gumu kwetu. Tuseme wazi ugonjwa wetu. Sisi wana wa nyumbani tunapenda kuchangia kinachoonekana. Ukisema bati, mikono inanyanyuka. Ukisema saruji, mtu anatoa mifuko hamsini na jina lake linaandikwa ukutani. Ukisema mshahara wa mtu wa kusimamia, ukumbi unanyamaza, kisha mmoja anauliza kwa nini asijitolee. Hakuna anayetaka jina lake liandikwe kwenye mshahara. Lakini bati halijawahi kumlipa matroni. Ni sawa na mtu aliyenunua basi zuri, akaona gharama ya dereva ni matumizi mabaya.

Kwa hiyo kamati ya fedha inaleta mbele yenu bajeti tofauti na mlizozoea. Tafadhali ifuateni nasi.

Ukarabati wa paa, vyoo na tangi jipya ni shilingi 14,000,000. Mshahara wa meneja wa hosteli, 400,000 kwa mwezi kwa miezi 24, ni 9,600,000. Mshahara wa matroni, 250,000 kwa mwezi kwa miezi hiyo hiyo, ni 6,000,000. Michango ya mwajiri kwa NSSF, asilimia kumi ya mishahara hiyo miwili, ni 1,560,000. Akiba ya matengenezo, isiyoguswa kwa jambo lingine lolote, ni 2,840,000. Jumla ni 34,000,000. Wanachama hai kwenye daftari letu ni 340. Ni shilingi laki moja kwa kila mmoja.

Mtaona kwamba zaidi ya nusu ya fedha hizi haijengi kitu. Tunajua hilo, na tumelifanya kwa makusudi.

Mtatuuliza, baada ya miezi 24 nani atalipa? Mishahara ya watu hawa wawili pamoja na NSSF ni shilingi 8,580,000 kwa mwaka. Vitanda vyote 48 vikijaa, na kila mzazi akichangia 180,000 kwa mwaka mbali na chakula, yaani wastani wa 15,000 kwa mwezi, tunapata 8,640,000. Inabaki elfu sitini. Hiyo si ziada ya kujivunia, na hata kitanda kimoja kikikosa mtu tumeshaingia hasara. Tunawaambia mapema ili msije mkashangaa. Chakula wazazi wataendelea kukileta kwa debe za mahindi na maharage kama walivyokubaliana na shule. Miaka hii miwili ndiyo nafasi ya meneja kuvijaza vitanda na kuwafanya wazazi waone wanacholipia. Asipoweza, tutajua mapema, na tutajua ni nani wa kumuuliza.

Meneja huyo atapatikanaje? Tunapendekeza mambo manne, na tunaomba wazee mtusahihishe.

Kwanza, nafasi itangazwe nyumbani: kanisani, msikitini, ofisi ya kata na kwenye makundi yetu ya simu. Cheti kitasaidia, lakini kigezo cha kwanza kitakuwa kitu alichokwisha kukiendesha, na watu watatu wanaoweza kukisemea. Ndugu ya kiongozi wa chama asipewe nafasi hiyo, hata kama anafaa. Tunajua inauma. Itauma zaidi siku tutakapotaka kumwondoa.

Pili, apewe mkataba wenye kazi zake zimeandikwa kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho mzazi yeyote anakielewa. Apewe pia mamlaka ya kutumia hadi shilingi 400,000 kwa dharura bila kumwomba mtu saini. Kama angekuwepo mtu mwenye ruhusa hiyo wakati ule, tangi lingetengenezwa wiki ile ile lilipopasuka.

Tatu, akitumia leo, aeleze leo. Ubao utawekwa ukutani pa hosteli, na kila mwisho wa wiki utaandikwa mambo matano: wasichana waliolala, siku zilizokosa maji, chakula kilichopo stoo, fedha iliyoingia na kutoka, na kazi iliyokwama. Ubao huo ndio ndiva yetu: mzazi akipita njiani anaona kama imejaa au imekauka. Picha yake itatumwa kwetu kwa simu kila Jumapili.

Nne, kamati ya watu tisa ibaki, lakini ibadilishe kazi. Isiendeshe hosteli. Imuulize meneja, imshauri, na ikibidi imwondoe. Ikutane mara moja kwa mwezi, na watia saini wa benki wawe wawili wanaoishi kule kule.

Na sisi kamati ya fedha tunajiwekea sharti. Taarifa yetu ya mwakani itaanza na idadi ya wasichana waliolala hosteli, kabla ya shilingi yoyote. Hesabu zikiwa safi na vitanda vikiwa vitupu, tutasema hivyo hapa mbele yenu, na tunawaomba siku hiyo msitupigie makofi.

Mzee wetu, ulituuliza umeneja unasomewa nini. Jibu letu ni hili: tulilipa ada ya somo hilo kwa wasichana wanne ambao hawakumaliza kidato cha nne. Hatuna mahali pa kuipata ada nyingine.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Imegawanywa sehemu mbili, ujenzi na uendeshaji. Tunawaomba mwandike kwenye zote mbili, na anayeweza moja tu aandike ya uendeshaji. Jina lake halitawekwa ukutani. Litasomwa hapa mwakani, baada ya idadi ya wasichana.

 Ndugu mwenyekiti, tunarudisha kipaza sauti.